Meno Arobaini na Nane

Kasenga, Uvira, tarehe 7 Novemba 1999

Kwa binti yangu Laure, huko Buyenzi, Bujumbura

Salamu sana. Minye niko muzima, mama yako iko muzima, nyumba bado iko na bati zake zote, na kwa mwaka huu hiyo peke yake inatosha kumushukuru Mungu. Unalalamika kila siku kwamba barua zangu ni fupi. Leo itakuwa ndefu, juu niko na kazi ya kukupa.

Unamujua Mama Mukubwa, mashine yangu ya kukereza chuma. Ulizaliwa ukaikuta. Niliivusha ziwa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wanaume kumi na mmoja wakipiga kasia, na wavuvi wakatuaga kabisa kama watu wa kufa. Hatukufa. Toka hapa mpaka mji wa Baraka sijasikia muntu mwingine aliye na mashine kama ile nyumbani kwake. Vita ilipokuja mara ya kwanza, waporaji waliifunga kamba wakataka kuing'oa kwa lori. Ilikataa! Kamba ikakatika, mashine ikalala ubavu, na lile gurudumu kubwa la meno likapoteza meno saba. Toka siku hiyo haijazunguka. Na mashine ya kukoboa mpunga kule Bwegera imesimama pia, juu muti wake wa chuma, ule unaoizungusha, umekwisha na hakuna wa kuukereza. Wamama wanatwanga kwa mikono na kunitaja jina.

Nimezunguka kwa wauza vyuma wote wa Kasenga, nikaenda Mulongwe, nikaenda Kavimvira. Mmoja alinionyesha gurudumu la baiskeli. Minye, Antoine, baiskeli! Lakini wanasema kwa wauza vyuma wa Buyenzi muntu anaweza kupata kila kitu kilichowahi kuzunguka duniani. Weye uko hapo hapo. Tafuta.

Kuchora na kuandika vipimo siwezi. Rafiki yangu Mathieu alituma karatasi yenye namba za vyuma, askari wa bariera ya barabarani wakasema ni siri za vita, akalala siku mbili ndani. Na gurudumu lenyewe silitumi. Likipotea sina tena kitu cha kuonyesha. Kwa hiyo nililikandamiza ndani ya udongo wa matofali, udongo mzuri wa Runingu, alama za meno zikatoka, na zile saba zilizokosa nikazichonga kwa kisu. Nimeukausha juani siku tatu mpaka ukawa mugumu. Nimefanya mbili, moja iko dirishani kwangu, ya pili anakuletea Apollinarie, yule mama wa mchele wa Bwegera, ndani ya kikapu chake.

Sheria ni moja. Meno ni arobaini na nane, na gurudumu lisipokaa ndani ya udongo huu, usilinunue, ata muuzaji akiapa kwa mama yake. Weye ni mushonaji, hujui chuma. Usifikiri. Fuata udongo.

Fundi Antoine


Buyenzi, 28 Novemba 1999

Baba mpenzi,

Shikamoo. Udongo ulifika mzima, Apollinarie aliufunika kwa mchele na juu yake akaweka kuku hai. Askari walishughulika na kuku.

Nimekwisha kupita kwa wauza vyuma wanane. Ninatoka kwenye cherehani saa nane, ninafunga kitenge vizuri, ninaingia kati ya maekseli na mabomba, na wanaume wananiuliza kama nimepotea. Ninawatolea udongo. Hapo wanacheka kabisa! Sasa wameniita "Mama Mkate," kwa sababu ya umbo lake.

Wa mwisho ni Mzee Nyandwi, nyuma ya msikiti. Huyo hakucheka. Aliuangalia, akahesabu meno kwa ukucha, akaingia ndani akarudi na gurudumu la meno arobaini na nane. Akasema: "Binti, ile mashine unayoieleza ninaijua, gurudumu lake ni hili." Nikalijaribu. Halikuingia, Baba, ni kubwa, linapita udongo kwa upana wa kidole kila upande. Nikamwambia hapana. Akasema, "Chukua, utanishukuru." Nikamwambia baba yangu hakosei vipimo. Akainua mabega, akalirudisha.

Nitaendelea kutafuta.

Binti yako,
Laure


Kasenga, 12 Desemba 1999

Laure,

Umefanya vizuri. Huyo Nyandwi alitaka kukuuzia mzigo uliomulalia. Wauzaji wote ni vile. Muntu akikuambia "utanishukuru," shika mufuko wako.

Nilimusomea mama yako pale ulipoandika kwamba baba yako hakosei vipimo. Nilimusomea mara mbili.

Fundi Antoine


Buyenzi, 9 Januari 2000

Baba,

Heri ya mwaka mpya. Nimelipata! Lilikuwa kwa muuzaji mmoja wa pembeni ya soko, chini ya rundo la pampu. Meno arobaini na nane, na limekaa ndani ya udongo kama mguu kwenye kiatu chake. Nilipiga kelele, watu wakafikiri nimeumwa na nyoka. Nimelinunua kwa fedha ya sare za shule nilizoshona toka Septemba.

Apollinarie atalificha. Niambie siku Mama Mkubwa itakapozunguka, nataka kujua hata saa.

Laure


Kasenga, 30 Januari 2000

Laure,

Gurudumu limefika. Ni dogo. Halifiki kwa mwenzake, linazunguka peke yake hewani. Majirani nilikuwa nimewaita wote, hata padri alikuja kubariki. Padri alirudi na maji yake ya baraka.

Nilikuambia ufuate udongo. Ulifuata nini? Ulichoka, ukaona moja inakaribia, ukasema basi. Hayo ni macho ya mushonaji: kitambaa kikipungua, unavuta kidogo, unaficha pindo. Chuma hakivutwi. Minye ndiye mupumbavu, kumutuma mutoto wa sindano kazi ya chuma.

Acha kutafuta. Shona.

Fundi Antoine


Kasenga, 2 Februari 2000

Mwanangu Laure,

Ni minye mama yako. Ninaandika jikoni, baba yako iko anasinzia kwa kiti. Usilie. Ninakujua, umelia tayari. Basi, sasa nyamaza.

Kuna jambo anakuficha. Kuna muntu anaitwa Bonaventure, mununuzi wa vyuma chakavu. Anakuja kila wiki na nyundo yake, anamugonga Mama Mukubwa ubavuni, anasikiliza, anaenda. Baba yako amemupa neno: Pasaka ikifika mashine haijazunguka, Bonaventure aje aikate vipande. Kwa nini Pasaka? Sijui. Nadhani alitaka siku ambayo hawezi kuisahau, juu yeye mwenyewe atatafuta njia ya kusahau.

Kila asubuhi bado anaipaka mafuta. Anaisalimia, Laure. Minye ananisalimia baadaye. Nyumba iko na mume mmoja na wake wawili, na yule wa chuma ndiye mukubwa. Lakini wakimukata yule, huyu mwanaume ataishi namna gani? Ata kwa mutoto wake anasaini "Fundi." Watu wa mutaa waliacha zamani kumuita Baba Laure, maana alikuwa haitiki. Umutoe kwenye ufundi, anabaki nani?

Kama uko na njia, fanya. Kama hauko nayo, uniambie, nianze kumuzoeza pole pole.

Mama yako, Sabine


Buyenzi, 20 Februari 2000

Mama,

Barua hii usome peke yako, kisha uwashie moto wa maharage.

Nililia kweli, siku mbili. Siku ya tatu niliukasirikia ule udongo, nikaubeba nikautupe. Njiani nikamkuta Agnès, jirani yangu anayefinyanga majiko ya mkaa. Akauliza ni nini. Nikamweleza yote. Mama, Agnès alicheka mpaka akaegemea ukuta! Akasema: "Nani aliyepima kwa udongo mbichi? Udongo ukikauka unasinyaa. Mimi nikitaka jiko la vidole kumi ninafinyanga la vidole kumi na kimoja. Hata mtoto wangu anajua."

Basi umeelewa. Siku Baba alipolikandamiza gurudumu, udongo ulikuwa sawa. Baada ya siku tatu juani ulikuwa umepungua. Niliufuata kama alivyoniambia, meno kwa meno, na ndiyo maana nilinunua dogo. Na lile la Mzee Nyandwi, lililokuwa "kubwa," ndilo lilikuwa lenyewe!

Nilikimbia kwake na kitambaa cha mteja mabegani. Akaniangalia kwa huruma. Lori la vyuma chakavu lilipita Krismasi, akalipakia gurudumu lile pamoja na mengine.

Ningeweza kumwandikia Baba: aliyekosea ni wewe. Nimeandika barua hiyo, Mama, mara tatu, na kila mara nilijiona nina haki kweli kweli. Nimeichana. Mashine yake imebaki na miezi miwili, na sitaki aimalizie akijiona mjinga. Aendelee kunikasirikia mimi, mimi nitapona.

Sasa nisaidie. Mshonaji hapimi kwa udongo, anapima kwa uzi. Chukua uzi wa nyavu, ule usiovutika. Uzungushe nje ya lile gurudumu bovu, juu ya ncha za meno, pale palipovunjika uupitishe juu ya kipande cha kadibodi usilegee. Kata pale unapokutana. Chonga kijiti kinachojaza tundu la katikati bila kucheza. Uzi mwingine kwa unene. Yeye asijue.

Laure


Kasenga, 5 Machi 2000

Laure,

Nimefanya alipokwenda misa. Minye nilisema kichwa kinaniuma, Mungu anisamehe, nitaungama. Gurudumu ni zito! Nililiweka magotini kama mutoto wa kubatizwa. Uzi mrefu ni wa kuzunguka, uzi wenye fundo ni unene, kijiti ni cha muti wa mutamba, nimekichonga mara nne.

Alirudi akanikuta na mafuta meusi mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia nilikuwa ninasugua sufuria. Akasema, "Leo umezisugua kweli."

Bonaventure amekuja tena, safari hii na kamba ya kupimia.

Sabine


Buyenzi, 2 Aprili 2000

Mama,

Gurudumu limekwisha. Liko ndani ya furushi analobeba Apollinarie. Nitakuambia wewe jinsi lilivyotoka, wewe tu.

Niliporudi kwa Mzee Nyandwi na nyuzi zako alisema gurudumu lingine kama lile hana, na Buyenzi nzima hakuna. Nikasema basi tulitengeneze. Akaniuliza nani. Nikasema, wewe una ile mashine ndogo ya kukereza niliyoiona ndani, mimi nina mikono. Akaniuliza nitamlipa nini. Nikamwambia nitawashonea nguo za Idi watoto wake wote. Ana kumi na wanne, Mama. Sikuuliza kwanza.

Akatoa kipande kipana cha chuma cha lori la zamani, akakikereza kikawa duara kamili, sawa na uzi wako. Hapo akasimama. Akasema kazi ngumu ni kugawa: meno arobaini na nane yaliyo sawa kabisa, bila kifaa cha kugawia, hajui afanye namna gani. Nikacheka, Mzee akashangaa. Nimeshona sketi ngapi za marinda za wanafunzi wa masista? Nilikata utepe wa karatasi sawa na uzi. Nikaukunja katikati, nikakunja tena, tena, na tena, mafungu kumi na sita. Kila fungu nikalikunja sehemu tatu sawa. Arobaini na nane. Nikaubandika kwenye chuma kwa uji wa unga, nikagonga alama kila mkunjo. Mzee Nyandwi alipima upande huu na upande ule kwa kipimo chake cha chuma, akavua kofia.

Kisha kazi ya tupa. Siku kumi na tisa za kusugua, jino kwa jino, umbo nikilitazama kwenye ule udongo. Maana udongo ulipungua lakini sura haukuisahau. Nilisugua kwa mkono wangu wa kushoto, ule Baba aliokuwa akiupiga na rula ili niandike kama watu. Kingo zote nimezivunja kidogo zisimkate mtu, kama nilivyokuwa ninamwona akifanya nilipokuwa nikifagia vumbi la chuma chini ya miguu yake. Alifikiri ninafagia tu.

Mama, ninaona fahari mpaka ninaogopa. Jana nililiweka juu ya meza nikakaa nikilitazama, chai ikapoa.

Mwambie limenunuliwa.

Laure


Buyenzi, 2 Aprili 2000

Baba,

Shikamoo. Najua uliniambia niache. Gurudumu jingine limepatikana kwa Mzee Nyandwi. Naomba ulijaribu, mara moja tu, bila kuita watu.

Laure


Kasenga, Juma Takatifu, 19 Aprili 2000

Laure,

Inazunguka!

Acha nianze na Apollinarie, juu huyo mwanamke angestahili kuwa jenerali. Gurudumu aliliweka wazi juu ya kifuniko cha sufuria ya maharage, kama uzito wa kuzuia mvuke. Askari walilinyanyua kwa mikono yao, wakaliweka pembeni, wakala maharage yote, wakalirudisha juu ya kifuniko, wakamwambia asante mama.

Nililijaribu peke yangu kama ulivyosema. Liliingia kwa mwenzake bila nyundo. Niliwasha, nikasimama na mukono juu ya mashine, na Mama Mukubwa akaguna kidogo, kisha akaanza kuimba ile sauti yake. Miaka mitatu na nusu! Mama yako alitoka jikoni mbio na mwiko mukononi. Sitaficha, minye nililia, na yeye akalia, na maharage yakaungua. Ule muti wa Bwegera nimekwisha kuukereza. Bonaventure, mununuzi wa vyuma chakavu ambaye sikukuambia habari yake, alipokuja na kamba yake nilimukalisha kwenye kiti nimuonyeshe. Alikaa saa nzima na nyundo magotini. Akaondoka kwa adabu.

Sasa niambie jambo moja. Hili gurudumu halikutoka kiwandani. Limesuguliwa kwa mukono. Nimekaa na chuma miaka thelathini na moja, na kazi kama hii nimeiona mara mbili au tatu tu. Kingo zimevunjwa kama ninavyozivunja minye. Lakini halina alama, na kila fundi anagonga alama yake pale pembeni ya tundu. Nyandwi huyo ameficha muntu mukubwa. Muulize jina. Nataka nimuandikie kama fundi kwa fundi.

Fundi Antoine


Kasenga, 30 Aprili 2000

Laure,

Hujajibu. Apollinarie amerudi mikono mitupu, nikamuuliza jina la yule fundi, akaangalia juu kwenye miti.

Basi nikafikiri mwenyewe. Jumatatu ya Pasaka nilikuwa ninasafisha dirisha, nikakuta ule udongo wa pili. Nikasema, acha nilipime hili gurudumu jipya, nione kama ni sawa kabisa. Halikuingia. Nikakasirika, nikachukua lile la zamani, lenyewe, mama wa ule udongo. Nalo halikuingia! Nililizungusha, nikalisukuma, mpaka udongo ukapasuka. Nikakaa chini.

Weye ulifuata udongo. Uliufuata vile nilivyokuambia. Aliyekosea ni minye. Siku ile nilipoukausha sikulirudisha gurudumu kuangalia kama bado linaingia. Ningeangalia ya nini, minye Antoine nisiyekosea vipimo? Na nilikuandikia yale maneno, na weye ulijua, na ulinyamaza.

Kisha nikajiuliza: huyu fundi wa Nyandwi alijuaje kwamba udongo ni mwongo? Nikachukua gurudumu, nikalipeleka kwenye mwanga. Mikwaruzo ya tupa imelala upande wa kushoto, meno yote arobaini na nane. Minye ninajua mukono mmoja tu wa kushoto ambao umewahi kusimama ndani ya ateliye yangu ya chuma, na niliupiga na rula. Nikamuita mama yako nimuulize. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia yote, uzi, kijiti, marinda, na watoto kumi na wanne wa Nyandwi.

Nilikutukana kwa macho ya mushonaji. Nimezunguka mutaa mzima nikirudisha hilo neno. Padri nimemuita tena na maji yake. Nimemuonyesha Mathieu, nimewaonyesha wauza vyuma wote wa Kasenga, mpaka yule wa baiskeli, nimewaambia: hesabuni, pimeni, hii ni kazi ya nani? Wanasema ya Mubelgiji. Ninawaacha waseme, ninasubiri kidogo, ndipo ninawaambia. Unisamehe, ninapenda sana kusubiri pale.

Alama sitagonga. Nafasi iko pembeni ya tundu, nimeisafisha, na sindano ya kugongea nimeiweka juu ya mashine, upande wa kushoto. Njia ikitulia, njoo na Apollinarie, ugonge mwenyewe. Na uniletee udongo wako, ule uliosafiri, nitaupigilia ukutani ili nikianza kujisifu niutazame.

Watu wanaopita sasa wananisalimia kwa jina lile la zamani. Naitika.

Baba Laure